Maji ya Majivu kwenye Mrenda Wangu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Kumeamka na ukungu na manyunyu ambayo si mvua ya kuitwa mvua, lakini nguo zimekaa kwa kamba siku tatu na bado zina maji. Nimejikunja karibu na jiko na sweta mbili. Sisi watu wa mashine tunasikia baridi kuliko wengine, ama labda ni mimi tu.

Naandika kwa daftari la Neema, binti yetu, ambalo lilibaki na kurasa nyuma. Niliachia shule darasa la saba, kwa hivyo atakayesoma anisamehe pale nitakapopotea. Sista mmoja wa hospitali ndiye aliniambia, "Andika, kwa sababu kuna mwingine atakuja na kosa lako hilo hilo." Sijui kama mimi ni mtu wa kufundisha wengine. Lakini hilo kosa nalijua vizuri, na kuna mtu amelibeba ilhali si lake.

Naitwa Jentrix. Tunakaa Mashimoni, hapa Nairobi, chumba kimoja, mimi na Neema na mume wangu Protus, ambaye ni fundi wa kupaka rangi. Kabla niugue nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha na soseji za smoki nje ya Soko la Toi. Yai ni yai, hata jirani yangu alikuwa nalo. Watu walinijia mimi kwa sababu ya kachumbari. Nilikuwa naionja asubuhi na kidole kimoja na najua kama inataka chumvi, ndimu ama pilipili. Ulimi wangu ndio ulikuwa kazi yangu.

Ugonjwa ulianza na mvua ndefu za mwaka uliopita. Uso ulikuwa unaamka umevimba kama wa mtu aliyelia usiku kucha. Viatu vikakataa miguu. Nilisema ni kusimama sana, Protus akasema ni kusimama sana, na niseme haki, hata yule wa duka la dawa alisema ni kusimama sana. Kumbe presha ilikuwa imekula figo muda mrefu bila kelele. Wakati mvua zinaisha nilikuwa na mpira shingoni wa kusafishwa damu kwa mashine na nilikuwa nimeambiwa siku zangu ni Jumanne na Ijumaa. Tangu hapo sihesabu wiki kwa Jumapili.

Sitaandika mambo ya mashine, wenyewe wanaifahamu. Nitaandika juu ya benchi. Kwetu kuna benchi refu la mbao nje ya chumba cha mashine, na hapo ndipo ugonjwa unaishi kweli. Unapimwa uzito, unarudi kukaa. Ukiwa umeongeza kilo tatu tangu siku yako iliyopita, kila mtu anajua umekunywa maji kuliko uliyoruhusiwa. Jirani yangu wa benchi alikuwa Wambui, mama wa makamo aliyenitangulia kwa mashine miaka miwili. Siku yangu ya kwanza alinitazama nikijikuna mikono mpaka ikatoka unga mweupe, akaniambia, "Usijali, utazoea. Mimi na chumvi tulipeana talaka, lakini bado namwota usiku." Benchi lote likacheka. Mimi nikalia. Baadaye nikacheka pia.

Mdomo ndio ulinitesa kuliko shingo. Kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu ya zamani. Ugali sarafu, chai sarafu. Halafu mtu wa lishe akanipa karatasi. Alikuwa kijana mpole na alinieleza vizuri, sitaki ionekane hakunieleza. Chumvi hapana. Unga wa mchuzi wa pakiti hapana, na zile za vipande hapana, kwa sababu zenyewe ni chumvi imevaa nguo. Nyanya kidogo sana, tomato sosi hapana, achari hapana, soya sosi hapana. Ile chumvi ya dukani wanayoiita nafuu kwa wagonjwa wa presha, hapana kabisa, hiyo kwa figo ni mbaya zaidi. Mboga zichemshwe na maji yamwagwe. Vya kuruhusiwa: kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, dania, ndimu ya kukamua matone, siki, bizari, pilipili kidogo. Nikaangalia ile karatasi nikaona wamechukua kachumbari yangu wakaipasua katikati.

Nilijaribu. Nilikata kitunguu nikakiosha, nikaweka tango na dania na siki, bila nyanya, bila chumvi. Protus akaonja akasema, "Si mbaya." Kwa miaka kumi na minne ya ndoa najua "si mbaya" yake. Nikawa nakula vijiko vitano naacha. Mashati yakaanza kunilegea mabegani huku miguu imevimba, mwili ukikonda juu na kunenepa chini, kama mtu ameshikwa akageuzwa.

Sasa nifike kwa Mama.

Mama ni mama yake Protus. Anakaa Kawangware, amekaa huko tangu Protus akiwa mtoto, na kwa miaka hiyo yote alikuwa hajakanyaga kwetu. Mimi nilisema hanipendi. Dada yangu Consolata, anayefanya kazi ya nyumba pale Ayany, alisema hivyo hivyo, na akaongeza yake. Lakini niseme na upande wa Mama. Kwetu Waluhya mzazi haingii mahali mwanawe aliyeoa analala. Huko nyumbani ni rahisi, kuna sebule, kuna jikoni. Sisi tuna chumba kimoja na kitanda kiko nyuma ya pazia. Angeingia wapi? Miaka hiyo yote sikuwahi kujiuliza hilo swali.

Alikuja mwezi wa pili wa mashine, Jumamosi. Nikasikia sauti nje, "Hodi kwa mgonjwa," nikafungua, nikamwona amesimama mbali kidogo na mlango na kikapu. Nikamtolea kigoda. Akakaa nje, kizingiti kikiwa katikati yetu, na akaniangalia mpaka nikainamisha macho.

"Umekuwa kijiti," akasema.

"Chakula hakipiti, Mama. Wamenikataza chumvi."

"Chumvi ya duka?"

"Chumvi yote."

Akatoa chupa ya soda kwenye kikapu, imejaa maji ya rangi ya chai ya rangi. Nilijua ni nini kabla hajaifungua. Musherekha. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unaweka majivu kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji, na yale yanayotiririka polepole ndiyo unapikia mboga. Nyanya yangu alikuwa na mkebe wake nyuma ya jikoni. Nairobi watu wengi wameacha, wanatumia magadi. Mama alikuwa akiokota maganda kwa wamama wanaobambua maharagwe sokoni Kawangware, anayaanika juu ya mabati.

"Hii si chumvi," akasema. "Hii ni ya nyumbani. Haijawahi kuua mtu."

Akanipikia mrenda, ile mboga ya kuteleza, hapo hapo nje, kwa jiko langu. Ulivutika vile mrenda unapaswa kuvutika. Nikala sahani nzima na ugali, na ile ladha ya sarafu ikaondoka kwa mara ya kwanza tangu mvua. Nikasema, "Orio, Mama," nikimshukuru kwa lugha ya kwetu na machozi. Naye akasema, "Kula, mwanangu." Mwanangu! Huyu ambaye miaka kumi na minne alikuwa ananiita Mama Neema kama jirani wa mbali.

Nitauliza hivi, na anayejua anijibu: ningekataaje hiyo chupa?

Kila Jumamosi ikaja nyingine. Nikawa napikia mrenda, na mrenda haumwagwi maji, si unajua, ukimwaga maji umemwaga mrenda. Nikapikia kunde. Nikapikia hata maharagwe ambayo nilikuwa nimeambiwa nipunguze. Nikaongeza mwili kidogo. Consolata akaniona akasema, "Ai, umerudi mtu." Sikumwambia ni kwa nini. Angecheka kwamba nakula majivu Nairobi.

Mwishoni mwa Agosti, Jumatatu, miguu ilikuwa mizito kama imemwagiwa zege. Nilikuwa nasimama kuteka maji kwenye mtungi, na moyo ukaruka. Ukanyamaza. Ukaruka tena mara mbili, kama mtu anayebisha mlango halafu anabadilisha nia. Neema alikimbia kwa jirani, jirani akampigia Protus, na nikabebwa.

Hapo hospitalini ndipo kosa lilipo, na naomba msomaji alisome pole pole. Niliulizwa, "Umekula nini?" Nikasema ugali na mboga. Nikaulizwa, "Umetumia chumvi?" Nikasema hapana. Daktari akauliza tena, "Hata ile nafuu ya dukani?" Nikasema hapana, kweli ya Mungu. Na ilikuwa kweli. Mara tatu niliulizwa, na mara tatu nilisema kweli ambayo si yote. Nusu yake nilikuwa sijui. Lakini nusu nyingine ilikuwa aibu. Wale watu wana makoti meupe, mimi niwaambie nachuja majivu kwa mkebe?

Wakaniweka kwenye mashine upesi, nje ya siku yangu. Nilipotulia, sista mmoja akaja kukaa kando ya kitanda. Kwa matamshi yake nilijua ametoka upande wa kwetu. Hakuwa na karatasi mkononi. Akaniuliza kama anapiga gumzo tu, "Dada, kwenu mrenda mnalainisha na nini? Magadi?"

"Zii, magadi inaharibu. Tunaweka musherekha."

Akafumba macho. "Bado mnachuja?"

"Mama mkwe wangu anachuja. Safi sana."

"Ni safi, dada. Hata mimi nimelelewa nayo. Lakini ile potasiamu tunayokuchujia hapa Jumanne na Ijumaa, yale majivu yamejaa hiyo hiyo. Figo nzima inaitoa. Yako haiwezi. Moyo ndio unaipokea."

Basi. Hiyo ndiyo sayansi yote nitakayoandika. Karatasi ya lishe haikuwa imetaja majivu, na simlaumu yule kijana. Angejuaje kuniuliza kitu ambacho hajawahi kukisikia?

Lakini Consolata alikuwa amesimama mlangoni na thamosi ya uji, na alisikia kila neno.

"Nilikuambia," akasema. Hata hakuweka thamosi chini. "Nilikuambia huyo mzee hakutaki. Ameona ndege amefungwa bawa, akaleta kisu."

"Cony, yeye hakujua."

"Miaka yote hakanyagi kwako, unaugua ndio anakuja na chupa? Wewe ni mtoto?"

Dada yangu ndiye alinilea mama yetu alipokufa. Hofu yake inatokaga kama matusi, tangu tukiwa wadogo. Naandika hivi ili asionekane mbaya. Lakini maneno yake yalitoka hapo wodini yakamfikia Protus, na Protus ni mtu wa kunyamaza. Hakusema mama yake ana makosa. Hakusema hana. Simu ya Mama ikiita alikuwa anaiangalia tu mpaka inazima.

Nilirudi nyumbani. Jumamosi Mama akaja na chupa.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamtolea kigoda, nikaona vidole vyake vina weusi wa majivu kwenye kucha, na maneno yakarudi tumboni. Nikapokea chupa kwa mikono miwili. Nikasema orio. Alipoondoka nikaimwaga kwenye mtaro. Jumamosi ya pili nikamwaga. Ya tatu nikamwaga, na Neema alikuwa ananitazama, akasema, "Mathe, si umwambie tu?" Nikamwambia aende akasome.

Ya nne Mama hakuja. Wala ya tano. Wambui, niliyekuwa nimemwambia yote kwenye benchi, akaniuliza, "Na yule mama mkwe wako wa majivu?" Nikasema sijui. Halafu nikasikia kutoka kwa mama mmoja wa kanisani kwao kwamba Kawangware wanasema yeye ndiye mzee anayewekea mkaza mwana sumu. Kwamba wale wamama wa maharagwe walikuwa wanamficha maganda akipita.

Wambui hakunionea huruma. "Wewe unaogopa kumuumiza," akasema, "na sasa kijiji kizima kinamuumiza badala yako. Mimi ningekuwa huyo mzee, heri nisikie kwako."

Ijumaa hiyo nilitoka kwenye mashine mchana, na ukitoka kwenye mashine kichwa ni kama gunia tupu. Sikurudi Mashimoni. Nilimwambia mtu wa boda anipeleke Kawangware taratibu. Nilimkuta Mama ameketi nje, mkebe wake umefunikwa kifudifudi kando ya ukuta, mkavu.

Hakuniambia karibu. Akasonga tu kwenye benchi lake, nikakaa.

"Mama, ile musherekha ndiyo ilinilaza," nikasema. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikianza na mengine sitafika.

"Nimesikia. Nimesikia kwa watu wote isipokuwa wewe."

"Wanasema ulitaka kuniua. Ni uongo. Hospitalini niliulizwa mara tatu nimekula nini, na majivu sikuyataja. Nilikuonea aibu. Hapana, nilijionea aibu mimi. Kama ningewaambia tangu chupa ya kwanza, wangenikataza, nawe ungeacha. Kosa ni langu."

Kuku akapita, Mama akamfukuza kwa mguu.

"Kumbe sumu ilikuwa ndani ya chupa," akasema mwishowe. "Kwenye mikono yangu."

"Ilikuwa kwenye majivu, Mama."

"Na zile chupa nilileta ukishatoka hospitali?"

Hili ndilo nililokuwa nikiliogopa. "Nilimwaga."

"Zote?"

"Zote tatu."

Akageuza uso. Sumu aliweza kuibeba, lakini hii niliona imemwingia. Alikuwa ametembea kutoka Kawangware mpaka Mashimoni na miguu yake ile, mara tatu, kwenye jua, kuniletea kitu cha kumwaga mtaroni. Nilitaka anitukane. Akasema tu, "Ungenirudishia hata chupa." Kisha, "Nenda nyumbani, umechoka." Nikaenda. Sikujua kama nimerekebisha ama nimemaliza.

Nikampigia Consolata jioni hiyo nikamwambia aliyoyasema yameenda mbali na ayarudishe yeye. Alikasirika. Lakini Jumapili alienda, kwa miguu yake, mpaka kwenye kanisa la Mama, akasimama mbele ya wale wamama akasema alikosea. Sikumwomba afike huko. Nimeandika ili ahesabiwe na hilo.

Protus alianza kupokea simu. Mama hakuja kwetu, lakini. Mvua fupi zikapita, Krismasi ikapita, mpira ukatolewa shingoni na sasa wananidunga mkononi, kwenye mshipa walioutengeneza, unaolia vuu vuu ukiuweka sikioni. Moyo haujaruka tena. Mdomo umerudi, si wote. Nimejifunza kukaanga kitunguu polepole mpaka kiwe na rangi ya kahawia, kinatoa utamu unaodanganya ulimi. Nimejifunza kwamba tangawizi na kitunguu saumu vikitwangwa pamoja chumvi haiulizwi sana. Ndimu naikamua mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Kabichi iliyokatwa nyembamba ikilala kwenye siki nusu saa inakuwa kitu cha kumpa mgeni. Lakini karatasi yangu si yako. Uliza kwenu. Na ukiuliza, taja kila kitu, hata kile ambacho unadhani watakucheka, hicho hasa.

Leo mchana, nikiwa nimeandika mpaka pale kwa Consolata, nikasikia nje, "Hodi." Si kwa mgonjwa. Hodi tu.

Alikuwa na kikapu na mwavuli. Nikatoa kigoda, Protus akakichukua mkononi mwangu akakiweka yeye, chini ya mabati pasiponyesha. Mama akatoa kuku aliyemchinja, kabichi, dania, ndimu mbili. Hakutoa chupa. Nikajikuta naangalia kikapu kama kuna chupa, na akaniona nikiangalia.

"Lete hiyo karatasi yenu," akasema.

Mama hasomi. Neema akakaa kwenye kizingiti akamsomea, na yeye akawa anarudia akihesabu kwa vidole. Kitunguu, ndiyo. Saumu, ndiyo. Nyanya?

"Kidogo sana, Kukhu."

"Kidogo ni ngapi? Kidogo ya Nairobi ama kidogo ya nyumbani?"

"Nusu moja, kwa sufuria nzima."

"Hiyo si nyanya, hiyo ni salamu." Akafikia mwisho akasema, "Soma tena." Neema akasoma mara ya tatu. Kisha Mama akasema, "Waambie waongeze majivu kwenye vya kukatazwa. Andika hapo chini." Neema akaandika, kwa kalamu nyekundu.

Akapika mwenyewe kwa jiko la nje, akiniuliza kabla ya kila kitu kuingia sufuriani, mpaka maji aliniuliza.

Tumekula ugali, kuku wa kitunguu na tangawizi, na kabichi ya siki na dania. Mimi kipande kimoja, kama nilivyoambiwa. Sahani ya Mama tuliipitisha juu ya kizingiti. Protus alitia chumvi kwake, na ni haki yake, halafu akamnyooshea mama yake mkebe wa chumvi. Mama akaushika, akautikisa karibu na sikio kama anasikiliza kilichobaki ndani, akaurudisha. Akala yake bila chumvi, kama yangu, yote.